Waamuzi wa besiboli Marekani: mtu anafikaje pale nyuma ya mdakaji?

Kijana_Upanga

Wakuu, salaam. Niko Dar, nasoma kidato cha tano, na besiboli nimeijulia kwenye uwanja wa pale Azania. Wenzangu wote wanagombania kurusha. Mimi macho yangu yako kwa yule mtu wa nyuma kabisa, anayeinama mgongoni kwa mdakaji na kuamua kila mrusho kama ni straiki, yaani umepita eneo halali la mpigaji, au boli, yaani umepita nje yake. Kocha ameanza kuniachia nichezeshe mechi za mazoezi.

Naomba wanaofahamu mambo ya MLB, ligi kuu ya besiboli Marekani, wanisaidie. Wale waamuzi walifikaje pale? Kuna shule, au wanaokotwa miongoni mwa wachezaji waliostaafu? Halafu nimesikia kwamba kuanzia msimu wa 2026 mchezaji anaweza kukata rufaa kwenye kamera. Je, kazi hii bado ina maisha?

La mwisho ndilo linalonisumbua zaidi. Nimeangalia ile video ya Detroit ya mwaka 2010, mwamuzi anamharibia mrushaji mechi yake kamilifu, yaani ile ambayo hakuna mpigaji hata mmoja anayefika besi. Mtu anarudije kazini baada ya kitu kama kile?

MkaliWaTakwimu

Mkuu, nitakujibu kwa namba. Nafasi za kudumu za waamuzi MLB ni 76 tu kwa Marekani nzima na Canada. Kwa mwaka zinafunguka chache sana, na kuna miaka haifunguki hata moja. Usahihi wao kwenye straiki na boli ni kama asilimia 94. Sikatai kwamba ni kazi nzuri kwa jicho la binadamu, lakini mechi moja ina mirusho karibu mia tatu, na zaidi ya nusu anaiamua mwamuzi peke yake kwa sababu mpigaji hakuzungusha gongo. Asilimia 6 ya hiyo ni makosa mengi kila siku. Kamera za Hawk-Eye zinaona mpira ulipopita kwa kiwango ambacho jicho halifikii.

Na hata yule aliyewahi kupata mechi bila kosa hata moja, Pat Hoberg, World Series (fainali ya ubingwa wa MLB) ya 2022 mechi ya pili, mirusho 129 kwa 129, leo hayupo. Mwanzoni mwa 2025 MLB ilimfukuza kwa sababu alikuwa akitumia akaunti ya kubashiri pamoja na rafiki yake, na rafiki huyo alikuwa akiweka dau kwenye besiboli. Jifunze sheria za mchezo, ni elimu nzuri. Ila kuweka maisha yako yote humo sikushauri.

MamaNuru_Georgia

Mwanangu wa Upanga, nimesoma swali lako mara mbili na nimefurahi, kwa sababu watu wanaouliza habari za yule mtu wa nyuma ni wachache. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Sasa naishi Georgia, karibu na Atlanta, na msimu ukianza nachezesha mechi za watoto wikendi. Nilianza kwa sababu ligi ya mwanangu ilikosa mwamuzi, na sijaacha. Kwa hiyo haya nakuandikia kama mtu aliyevaa maski, japo katika ngazi ya chini kabisa.

Shule zipo. Zamani ulilipa ada kwenye shule binafsi za waamuzi kule Florida, ile ya familia ya Wendelstedt ikiwa maarufu kuliko zote, ukafunzwa kwa wiki kadhaa mwanzoni mwa mwaka, na wachache waliofaulu sana ndio waliochukuliwa kwenda ligi ndogo. Siku hizi MLB yenyewe hupita mijini na kambi za siku moja zisizo na ada, inachuja, kisha wanaofaa wanaitwa kwenye mafunzo marefu. Kuwa mchezaji mstaafu si sharti.

Ukishachukuliwa ndipo mchujo wenyewe unapoanza. Unaanzia ligi za mafunzo za Florida au Arizona, jua la mchana, majukwaa matupu. Kisha Single-A, High-A, Double-A, Triple-A, ngazi za ligi ndogo kutoka chini hadi juu. Kule chini mnakuwa waamuzi wawili kwa uwanja mzima. Yule wa nyuma ya mdakaji akishaamua mrusho hajamaliza: mpira ukipigwa anavua maski na kukimbilia besi ya tatu, maana mwenzake yuko kwa mkimbiaji mwingine. Mnaendesha gari wenyewe usiku kutoka mji hadi mji. Timu ina mechi za nyumbani na za ugenini, mwamuzi msimu wote yuko ugenini. Miaka saba, minane, kumi. Na kila mwaka wanaoonekana hawatapanda wanaachishwa, ili wasizibe njia ya wanaokuja nyuma yao.

Aliyefika juu haachii kirahisi. Bill Klem alichezesha National League, ambayo pamoja na American League ndizo zinazounda MLB, kuanzia 1905 hadi 1941, na World Series 18. Joe West alianza 1976, akaivunja rekodi ya Klem ya idadi ya mechi mjini Chicago mwezi Mei 2021, akastaafu mwaka huohuo na mechi 5,460.

Kuna waliofika mlangoni wakafungiwa. Pam Postema alichezesha ligi ndogo kuanzia 1977 hadi 1989. Alifika Triple-A, akapewa hadi mechi za maandalizi za timu kubwa. Septemba 1989 kamishna wa MLB, Bart Giamatti, ambaye alikuwa amemtazama kwa karibu, alifariki ghafla, na kabla mwaka haujaisha Pam akaachishwa. Alikwenda mahakamani. Ikapita miaka 36 kabla mwanamke hajachezesha mechi rasmi ya MLB: Jen Pawol, Agosti 9, 2025, hapa hapa Atlanta, Braves na Marlins. Jumamosi alikuwa kwenye besi. Jumapili alisimama nyuma ya mdakaji, nami nilikuwepo na binti yangu. Watu walimpigia makofi alipotoka, kisha mchezo ukaanza na kila mtu akamsahau, na mimi hiyo ndiyo heshima niliyotaka aipate. Alikuwa ameanza ligi ndogo mwaka 2016, na kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa sanaa. Alikuwa amechezesha zaidi ya mechi elfu moja za ligi ndogo.

Sasa swali lako la mwisho, kwa sababu hapo ndipo nina neno la kusema.

Waamuzi wa MLB wako wanne na wanazunguka nafasi. Leo uko nyuma ya mdakaji, kesho besi ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza, kisha unarudi nyuma ya mdakaji. Maana yake ni kwamba aliyekuwa besi ya kwanza jana, leo ndiye wa nyuma ya mdakaji. Shika hilo, halafu tazama tena ile video.

Detroit, Juni 2, 2010. Armando Galarraga wa Tigers amewatoa wachezaji 26 wa Cleveland mfululizo bila hata mmoja kugusa besi ya kwanza. Amebakiza mmoja. Wakati huo mechi kamilifu zilikuwa 20 tu katika historia nzima ya ligi kubwa. Mpira unapigwa ardhini, Miguel Cabrera anauokota, anamtupia Galarraga aliyekimbilia besi, na Jason Donald anachelewa hatua nzima. Mwamuzi wa besi ya kwanza, Jim Joyce, ananyoosha mikono: yuko salama. Hakuwa salama. Joyce alipoiona picha chumbani alilia, akamwomba Galarraga msamaha ana kwa ana. Na Joyce hakuwa mwanagenzi, alikuwa American League tangu miaka ya themanini na wachezaji walimheshimu sana.

Alikuwa besi ya kwanza. Kwa hiyo kesho yake mchana zamu yake ilikuwa nyuma ya mdakaji, uwanja uleule, timu zilezile, watu walewale. Aliambiwa anaweza kupumzika siku hiyo. Akakataa. Tigers wakamtuma Galarraga mwenyewe ampelekee karatasi ya majina ya wachezaji. Joyce akaipokea huku akijifuta machozi, akavaa maski, akachezesha mechi yote.

Kabla yake ilikuwa Don Denkinger. World Series ya 1985, mechi ya sita, Kansas City, inningi ya tisa, yaani ya mwisho, Cardinals wanaongoza 1-0. Jorge Orta wa Royals, timu ya Kansas City, ameshatolewa besi ya kwanza, Denkinger anasema yuko salama, Royals wanashinda 2-1. Kesho yake ni mechi ya saba, ya kuamua bingwa, na zamu ya nyuma ya mdakaji ni ya nani? Ya Denkinger. Cardinals wakachapwa 11-0, kocha wao Whitey Herzog akatolewa uwanjani, na baada ya hapo Denkinger akapokea vitisho vya kuuawa. Aliendelea kuchezesha hadi 1998.

Umeuliza mtu anarudije. Wale wawili hawakupewa muda wa kuwaza. Zamu iliwarudisha, tena mahali pagumu kuliko pote, penye maamuzi zaidi ya mia kwa mechi moja, na wao hawakuikwepa. Nawathamini kwa hiyo mechi ya pili kuliko kwa miaka yao yote mingine. Mtu anayetaka kazi hii namuuliza kwanza habari ya siku ya pili. Jicho linafundishika.

Tena linafundishika kwa mazoezi ya kawaida kabisa. Simama kwenye upenyo kati ya mdakaji na mpigaji, upande wa ndani. Kidevu chako kiwe usawa wa juu ya kofia ya mdakaji. Kichwa kisitikisike, macho peke yake ndiyo yaufuate mpira kutoka mkononi mwa mrushaji hadi ndani ya glavu. Kisha ngoja kidogo ndipo useme. Mrushaji yuko mita 18.44 kutoka besi ya nyumbani iliyo mbele yako, na mpira wa kilomita 150 kwa saa unafika ndani ya nusu sekunde au pungufu. Wanaoanza husema "straiki" mpira bado uko hewani. Kifaa cha kuhesabia straiki na boli kiwe mkono wa kushoto, na maski uivue kwa huo huo wa kushoto, ili wa kulia ubaki huru kuonyesha auti, yaani mchezaji ametolewa.

Ndugu yangu MkaliWaTakwimu, namba zako ni sahihi. Ila soma vizuri utaratibu wenyewe wa 2026. Kila timu inaanza na rufaa mbili. Anayeruhusiwa kukata ni mrushaji, mdakaji au mpigaji tu, kwa kujigusa kichwa papo hapo bila kusaidiwa na benchi, na akipatia timu haipotezi rufaa yake. Mirusho mingine yote mle kati anaiamua nani? Halafu kuna mkimbiaji aliyeguswa au hakuguswa, gongo lililozungushwa nusu, mdakaji aliyeziba njia, makocha wawili wanaofokeana, mvua inayoanza inningi ya tano. Tangu 2014 marudio ya video yanaamuliwa chumbani New York, na wanaokaa mle kwenye skrini ni waamuzi walewale, kwa zamu. Kamera zimewaongezea waamuzi sehemu ya kufanyia kazi.

Kuhusu Hoberg, kwangu mimi kisa chake kinaeleza kazi ilivyo. MLB haikusema alibashiri besiboli wala kwamba alipindisha mechi. Aliondolewa kwa sababu mwamuzi haruhusiwi hata kuwa karibu na shaka ya namna hiyo. Nilisikitika, kwa sababu jicho lile lilikuwa adimu, lakini uamuzi ule naukubali.

Lugazi_Mzee

Nawasalimu kutoka Uganda. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokesha 2012 vijana wa Lugazi walipokwenda Williamsport, Marekani, timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, ligi ya watoto. Niliambiwa waamuzi wote wa pale wanajitolea, hawalipwi hata senti, na wamesubiri miaka mingi kupata nafasi hiyo. Jambo hilo lilinigusa kuliko matokeo.

Mama Nuru, naomba uwaeleze vijana kuhusu waamuzi weusi. Walianza lini huko?

MamaNuru_Georgia

Asante mzee wangu, na hongereni kwa Lugazi.

Wa kwanza alikuwa Emmett Ashford wa Los Angeles. Aliacha kazi ya posta yenye mshahara wa uhakika akaingia ligi ndogo mwaka 1951. Miaka mingi aliitumia Pacific Coast League. Alipoitwa American League mwaka 1966 alikuwa na miaka 51, umri ambao wengine wanafikiria kustaafu. Jackie Robinson, aliyevunja ubaguzi wa rangi kwa wachezaji wa ligi kubwa, alikuwa ameingia uwanjani mwaka 1947, kwa hiyo ilichukua miaka 19 zaidi kumkubali mtu mweusi awe ndiye anayeamua. Siku ya mechi yake ya kwanza, Washington, walinzi walisita kumruhusu aingie uwanjani kwa sababu hawakuamini kwamba mtu mweusi ni mwamuzi. Makamu wa rais alikuwa anakuja, ulinzi ulikuwa mkali.

Ashford alikuwa anakimbia mbio za kweli hadi kwenye besi, vifungo vya mikono ya shati vinang'aa, sauti inafika jukwaa la mwisho. Wako waliosema anajionyesha. Mimi nasema alingoja miaka 15, acha aonekane. Alichezesha World Series ya 1970, kisha akastaafu. National League ikampata Art Williams 1972. Kiongozi wa kwanza mweusi wa kikosi cha waamuzi, Kerwin Danley, alipewa cheo hicho mwaka 2020. Alfonso Marquez, mzaliwa wa Mexico, alipewa mwaka huohuo, wa kwanza mwenye asili ya Amerika ya Kilatini aliyezaliwa nje ya Marekani. Hesabu mwenyewe kutoka 1966 hadi 2020.

Kijana_Upanga

Mama Nuru, shikamoo. Nimejifunza mengi kwa siku moja kuliko nilivyotegemea. MkaliWaTakwimu nawe asante, nimekuelewa.

Nina swali dogo. Sisi hatuna maski ya mwamuzi. Tuna ya mdakaji moja tu, ambayo mdakaji anaivaa. Kocha anasema nisimame hivyo hivyo, mpira wa vijana hauumizi. Ni kweli? Na mwili unahitaji nini kwa kazi hii?

MamaNuru_Georgia

Marahaba mwanangu.

Mwambie kocha wako kwa heshima kwamba hapana. Hatari haitoki kwa mpira unaorushwa ukadakwa. Inatoka kwa ule unaokwaruzwa na gongo ukabadili njia mbele ya glavu, na huo huwezi kuukwepa hata ukiwa na macho ya mwewe. Cal Drummond wa American League aligongwa na mpira wa namna hiyo usoni mwaka 1969 akiwa amevaa maski, na mwaka uliofuata alifariki. Waamuzi wa ligi kubwa wanastaafishwa na mtikisiko wa ubongo, tena wakiwa na maski bora kuliko zote.

Mwili nao usiupuuze. John McSherry alianguka nyuma ya mdakaji siku ya ufunguzi wa msimu, Cincinnati, Aprili 1, 1996, baada ya mirusho saba. Moyo. Alikuwa na miaka 51, mwili mkubwa sana, na kesho yake alikuwa na miadi ya daktari. Aliwapungia mkono wenzake, akageuka kuondoka, akaanguka. Baada ya kifo chake suala la afya na uzito wa waamuzi likaanza kuangaliwa kwa uzito mwingine. Kimbia, punguza sukari, na fanya mazoezi ya mapaja na mgongo, kwa sababu utainama na kuinuka mara mia tatu kwa mechi.

Mpaka mpate maski ya pili, usisimame nyuma ya mdakaji. Simama nyuma ya mrushaji, hatua chache pembeni, mahali ambapo unaiona besi ya nyumbani yote na humzibi mchezaji wa ndani. Sisi tunafanya hivyo kwenye mechi za watoto mwamuzi akiwa mmoja na vifaa hakuna. Straiki na boli za pembeni utaziona vizuri, za juu na chini zitakupa shida kidogo. Ukishapata maski, pata na kinga ya koo inayoning'inia chini yake, kinga ya kifua inayovaliwa ndani ya shati, kinga za miguu, na viatu vigumu vya mbele. Nitumie ujumbe wa faragha unieleze vipimo vya kichwa chako na timu yenu ina watu wangapi. Ligi yetu hubadilisha vifaa kila msimu ukiisha, na vile vya zamani ambavyo bado ni vizima nitaviombea ruhusa.